Siku Nilipovunja Shingo ya Televisheni ya Koko

Nakumbuka Jumamosi moja, Mwanangu, nilipomgeuza babu yangu rangi ya kijani.

Usiniangalie hivyo. Najua nakuita mwanangu wakati mimi nina miaka kumi na saba na wewe kumi na tatu, tena ukisimama unanipita kwa kichwa kizima. Lakini wewe ndiye uliyekuja kuniuliza jinsi ya kufungua redio ya shangazi yako bila yeye kujua, na mtu anayeuliza jambo kama hilo anahitaji mzee haraka. Mzee wa karibu ni mimi. Kaa hapo juu ya gunia la mihogo, sikiliza. Ya redio tutayafikia.

Enzi hizo, yaani mwaka juzi, nilikuwa naishi na bibi yangu, Koko Vumilia, hapa Kingi, katika ile nyumba ya juu ambayo ukitoka mlangoni tu unajikuta katikati ya maharagwe. Shuleni kule Masisi-centre nilijulikana kwa mambo mawili: kuiga sauti ya prefe, yaani mkuu wa shule, na kushindwa kunyamaza. Siku prefe alipopita dirishani akasikia sauti yake mwenyewe inatangaza kwamba kesho hakuna masomo, nilifagia uwanja wa shule wiki mbili. Nilifagia nikiwa nacheka.

Koko alikuwa na televisheni. Si hizi bapa za leo zinazoning'inia ukutani kama kalenda. Yake ilikuwa ya zamani, ya rangi, ya mgongo mnene, inchi kumi na nne, na chini ya kioo chake ilikuwa na mdomo wa kumeza kaseti. Ya namna hiyo ilikuwa imebaki moja tu pande zetu. Zingine zilishakufa zamani. Jirani yetu alikuwa nayo moja iliyotolewa matumbo, kuku wake akatagia humo, na kusema kweli kuku yule aliitunza kuliko nilivyoitunza mimi ya kwetu.

Kaseti nayo ilikuwa moja. Ilirekodiwa kanisani siku ya sherehe ya mavuno, mimi sijazaliwa, na ndani yake babu yangu Zakaria anaimba na kwaya. Babu alikufa nikiwa natambaa. Picha zake zote zilikuwa ndani ya nyumba tulipokimbia vita, na tuliporudi hakukuwa na picha wala nyumba. Kaseti ilipona kwa sababu shemasi wa kanisa alikuwa ameiazima na hakuirudisha. Ni mara moja tu maishani nimemsikia Koko akimshukuru mtu kwa kutorudisha kitu.

Basi kila Jumapili akitoka kanisani, Koko alifunga madirisha, akafuta kioo kwa ncha ya kitenge chake, akaunganisha betri inayolala juani wiki nzima, akatutoa wote nje, akaketi peke yake. Dakika nane. Baadaye anazima.

"Koko, kwa nini usirudie?" nilimuuliza siku moja.

"Nikimuita kila saa atachoka na miye," alisema. Halafu akasema kwa sauti nyingine: "Nikifunga macho, naona koti yake. Naona viatu. Lakini uso iko inapotea, Bahati. Ile uso njo naifata mule."

Mimi nilisikia kwa masikio haya haya mawili kwamba uso ule ndio anaoufuata kwenye kaseti. Kumbuka hilo, maana sina kisingizio.

Jumamosi ile Koko alikuwa shambani. Walikuja rafiki zangu wawili wa darasani, na mimi nilikuwa na sumaku niliyoing'oa katika spika iliyoungua, nzito kama jiwe la kusagia, duara kama andazi. Nilikuwa nimesikia kwamba sumaku ikikaribia televisheni ya zamani, rangi zinalewa. Nikaweka kaseti. Kwaya ikatokea, safu tatu, na babu safu ya nyuma na shati la njano. Nikasogeza sumaku.

Mwanangu, kwanza niliogopa. Nasema kweli. Sumaku haikugusa kitu, ilikuwa mbali kama upana wa kiganja, lakini picha nzima iliinama kuielekea, kama majani ya maharagwe yanavyoinama upepo ukishuka mlimani. Kijani kikatambaa juu ya paji la uso wa babu. Masikio yakawa zambarau. Mdomo wake ukavutwa upande mmoja, na bado anaimba sifa za Bwana kama kawaida.

Halafu hofu ikageuka kicheko. Tulicheka mpaka mmoja wetu akalala chini. Nikampa babu sauti ya prefe: "Wanafunzi, kuanzia leo mtaniita Papa Kinyonga!" Sumaku huku, pua inakwenda huku. Sumaku kule, pua inafuata.

Kisha nikaiondoa sumaku. Na babu akabaki kijani.

Nilizima, nikawasha. Kijani. Nilipiga televisheni kofi mgongoni, kama tunavyofanya wote. Kijani, na zambarau imekaa shavuni kama ngumi. Rafiki zangu, ghafla na kwa pamoja, wakakumbuka kwamba wana mbuzi wa kufunga.

Kesho yake ilikuwa Jumapili.

Sasa hapa ndipo kwenye ujinga wangu wa kweli, kwa sababu mpaka hapo nilikuwa nimefanya mzaha tu. Masisi-centre kulikuwa na fundi, Papa Anselme, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, na nilikuwa na saa nne nzima za mchana za kumfikia. Lakini kumwita Papa Anselme ni kumwambia, na kumwambia ni Koko kujua. Nikaamua nitaifuta ile rangi mwenyewe. Niliifikiria kama masizi ya taa. Nilisema, nitatoa kioo, nitafuta kwa ndani, nitarudisha, nani atajua?

Nikatoa betri, nikafungua mgongo kwa kisu cha kumenyea mihogo.

Ndani, Mwanangu, hakukuwa na masizi. Kulikuwa na vumbi la miaka, na katikati ya vumbi, chupa kubwa ya kioo kizito ambayo sijapata kuona mfano wake. Hiyo ndiyo inaitwa tyubu. Kile unachokiita skrini ni uso wake tu. Nyuma inazidi kuwa nyembamba, inavaa koili ya shaba kama skafu, na inaishia na shingo nyembamba kama ndizi changa, yenye doa ndani linalong'aa kama fedha. Niliitazama muda mrefu. Nilisahau hata kwamba najificha. Nilikuwa nimekaa mbele ya kitu hicho tangu utoto wangu na sikujua kwamba kina umbo zuri hivyo.

Halafu nikaishika nitoe. Nikaishika shingo.

Fikiria mwenyewe. Kwetu kila chenye shingo kinashikwa shingo. Kibuyu cha maziwa, shingo. Chupa ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, shingo. Kuku akishachinjwa, shingo. Tangu nizaliwe hakuna aliyeniambia kwamba iko shingo ambayo si mpini.

Ililia tik. Kidogo tu, kama kucha ikikatwa. Na baada ya tik ikafuata sauti nyingine, nyembamba, ndefu: ssssss. Nikadhani inatoa hewa kama tairi. Nikaweka kidole, na kidole kikanyonywa. Haikuwa inatoa, Mwanangu. Ilikuwa inavuta. Ilivuta hewa ya chumba cha Koko kama mtu aliyekuwa amezuia pumzi tangu kabla sijazaliwa, ikavuta, ikavuta, halafu ikanyamaza.

Nilirudisha kila kitu mahali pake. Nilifunga mgongo, nikafuta alama za vidole. Usiku nilimwomba Mungu aharibu betri.

Jumapili Koko alirudi kutoka kanisani. Akafunga madirisha. Akafuta kioo kwa ncha ya kitenge. Mimi nilikuwa nimesimama nje, nyuma ya mlango, jicho kwenye ufa. Akasukuma kaseti, na kwaya ikaanza kuimba. Sauti yote ilikuwepo, safi, hata kikohozi cha mtu wa safu ya mbele. Kioo kilikuwa cheusi.

Koko hakusimama. Hakugonga televisheni. Alisogeza kiti karibu, akafikicha macho, akasogeza tena mpaka pua yake ikakaribia kioo. Sauti ya babu ikapanda pale kwenye kiitikio. Koko akafikicha macho tena. Kisha akaniita bila kugeuka. Kumbe alijua muda wote kwamba niko kwenye ule ufa.

"Bahati. Kuja hapa. Weye unamuona?"

Niliingia, nikasimama nyuma ya kiti chake.

"Niambie tu, mujukuu wangu. Iko macho yangu njo yamekwisha?"

Unanijua. Unajua ulimi wangu hauhitaji kusukumwa. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, tamu kabisa: ndiyo Koko, namuona vizuri, ni macho yako. Lingeniokoa. Hakuna mtu duniani angejua. Angekwenda na giza lake mpaka mwisho, akidhani uzee umemnyang'anya mume mara ya pili.

Nilipiga magoti nikamwambia yote. Sumaku, kijani, Papa Kinyonga, kisu, shingo. Nilipomaliza, wimbo ulikuwa unaisha.

Koko alizima. Halafu akasema, "Donc, basi, macho yangu iko mazima," na hapo ndipo nilipolia, kwa sababu lilikuwa jambo la kwanza alilolifurahia na lilitokana na uharibifu wangu. Baadaye akasema, "Enda uite Anselme. Na ukifika kwake, usimuambie iliharibika. Umuambie uliharibu."

Papa Anselme alikuja siku ileile kwa sababu ya Koko. Alifungua mgongo, hakugusa kitu. Alimulika shingo tu kwa tochi. Pale ambapo nilikuwa nimeona doa linalong'aa kama fedha, sasa palikuwa peupe, peupe kama majivu.

"Ilivuta pumuzi," alisema. "Tyubu inaishi kwa sababu ndani yake hamuna kitu. Hata hewa. Hamuna kabisa, unasikia? Ikivuta pumuzi mara moja, njo kufa kwake."

Nikataka kusema kwamba sisi watu ni kinyume chake. Nikaona miwani yake inanitazama. Nikanyamaza. Mara ya kwanza.

Kesho yake alinipeleka kwenye karakana yake, akawasha televisheni nyingine, akachukua sumaku yangu mwenyewe na kuitia doa, zambarau kubwa. Halafu akachukua duara la waya wa shaba, pana kama ungo, akaliunganisha na umeme, akalizungusha mbele ya kioo taratibu huku anarudi nyuma hatua moja, mbili, tatu. Rangi zikacheza, zikayeyuka, zikajipanga. Doa likaisha. Kioo kikawa safi kama hakikuwahi kukosewa.

"Dakika mbili," alisema Papa Anselme. "Ungekuja na ile kijani yako, dakika mbili, na tungecheka wote. Ao unafikiri miye sikufanya ile muchezo? Kila fundi aliifanya. Kicheko haikuvunja kitu, Bahati. Ulivunja wakati ulitaka kuficha."

Kisha akazima, akachomoa waya ukutani, akakaa akanisimulia habari ya ng'ombe wake aliyeugua, habari ndefu, nikasinzia. Mwisho akachukua bisibisi iliyofungwa waya, ncha ya pili ya waya huo ikiwa imeshika chuma cha televisheni, akaisukuma bisibisi chini ya kile kifuniko cha mpira ubavuni mwa tyubu. TAK! Cheche ya bluu, ndefu kama kidole. Niliruka mpaka mlangoni.

"Iko imezimwa!" nikapiga kelele.

"Imezimwa, na bado inakumbuka. Weye ulitia mikono mule na kisu ya mihogo." Alifunga bisibisi katika kitambaa. "Koko yako angelia watu wawili."

Hapakuwa na dawa ila kubadilisha tyubu. Kubadilisha televisheni yote kungekuwa rahisi, lakini mdomo wa kumeza kaseti ulikuwa katika ile ya Koko peke yake. Na tyubu si kila moja inakubali; shingo lazima iwe na unene uleule, na miguu ya nyuma, zile sindano ndogo, zipangwe vilevile. Papa Anselme alikuwa na televisheni kumi na mbili zilizokufa. Tulizifungua zote. Hakuna hata moja. Wiki ya tatu akapata habari kwamba Mpofi, kule Walikale, kuna mfanyabiashara ambaye radi iliunguza televisheni yake ya inchi kumi na nne: mitambo imekuwa mkaa, kioo kizima. Koko akatoa debe la maharagwe na jibini moja ya duara, akasema, "Bahati ataenda naye. Aliivunja, ataibeba."

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Tyubu ilipatikana, na sindano zililingana. Papa Anselme alinifundisha kuibeba kabla hajaniruhusu kuigusa. "Kama mutoto anayelala. Kifua kwa kifua. Uso wake kwa moyo yako, mikono chini, shingo uiache ikae peke yake. Ukiona unaanguka, weye anguka, yeye hapana." Tukajaza tenga maganda makavu ya maharagwe, tukailaza humo, nikalikumbatia tenga hilo kifuani siku mbili. Barabara unaijua, Mwanangu. Baada ya Kibua kuna sehemu ambazo pikipiki inaogelea. Kila shimo nilikuwa nasikiliza: tik? Hakuna tik. Sijawahi kuwa makini hivyo hata katika mtihani wa hesabu, na matokeo yangu ya hesabu yanathibitisha.

Kwenye kizuizi kimoja vijana wenye bunduki walitusimamisha. Mmoja akaja mbio kwenye tenga, akazamisha mkono katika maganda, na nikaona vidole vyake vinatafuta mahali pa kushika. Shingo, bila shaka. Angeshika nini kingine? Na yeye ni mtu wa kwetu.

"Iko nini humu?"

Ulimi wangu ulikuwa umeshatunga jibu la kuchekesha barabara nzima, na pengine la kutuua. Nikalimeza zima, bila kutafuna.

"Kaka, iko kioo ya kumuonea babu yangu. Tafazali, usiishike shingo. Miye niliivunja ya kwanza hivyo hivyo."

Mkono ukasimama. "Babu yako iko ndani?"

"Bado. Anangojea tufike."

Alinitazama, akamtazama Papa Anselme, akatazama tena ndani ya tenga, safari hii kama mtu anayechungulia kitanda cha mtoto. Kisha akarudishia maganda yote juu ya tyubu kwa mikono yake, akayabonyeza pembeni taratibu. "Muende polepole," akasema.

Sasa ngoja nikueleze Jumamosi ya kuifunga ile tyubu nyumbani kwa Koko, maana ndiyo siku niliyojua kwamba dunia ni kubwa kuliko mizaha yangu.

Papa Anselme aliivua tyubu mpya koili yake iliyoungua, akaivisha ile ya Koko. Akawasha. Picha ilikuwa vurugu, rangi kila moja na safari yake. Akasema tuanze na moja. Ndani ya ile shingo, Mwanangu, kuna vitu vitatu vinavyorusha miali, mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa bluu. Vitabu vya mafundi vinaviita bunduki. Papa Anselme hakutaka neno hilo lisemwe ndani ya nyumba ya watu. Yeye aliviita mishumaa.

Akazima mishumaa miwili, ikabaki nyekundu. Ilikuwa na madoa kama nguo iliyofuliwa vibaya. Akasukuma koili nyuma kwenye shingo, upana wa punje ya mchele, akatazama, akasukuma tena, mpaka kioo chote kikawa chekundu pembe hadi pembe. Kisha akaunganisha kisanduku alichojitengenezea, kikachora mistari myeupe. Lakini haikuwa myeupe. Kila mstari ulikuwa nyuzi tatu, nyekundu, kijani, bluu, zimeachana kama ndugu waliogombania shamba. Shingoni kuna pete nyembamba. Akawa anazigeuza kidogo, kidogo sana, ameshikilia pumzi, na nyuzi zikaanza kukaribiana. Mbili zikaingiana. Ya tatu ikasitasita, ikaingia. Na palepale, mbele ya macho yangu, zikawa nyeupe.

"Bado," alisema. "Mama Vumilia, tuletee maziwa."

Koko akaleta kikombe cha maziwa ya asubuhi. Nikadhani fundi ana kiu. Akakiweka pembeni ya kioo, akawa anatazama kikombe, anatazama kioo, anageuza vitufe vidogo vya nyuma. "Nyeupe ya kila muntu iko tofauti," alisema. "Moja iko na bluu, moja iko na manjano. Mimi nafuata ya ng'ombe." Alipomaliza, sikuweza kusema wapi maziwa yanaishia na wapi kioo kinaanzia. Ndipo akayanywa.

Kisha akachovya kidole katika maji, akaniambia niweke tone moja kwenye kioo, juu ya ile nyeupe, na nitazame kupitia tone. Nikaweka jicho.

Hakukuwa na nyeupe. Mwanangu, hakukuwa na nyeupe popote! Palikuwa na vijidoa, vidogo kuliko mbegu za haradali, vyekundu, kijani, bluu, vimepangana safu kwa safu bila mwisho, na kila kimoja kinawaka kwa zamu yake. Nikaondoa jicho: maziwa. Nikarudisha: shanga za moto. Nyuma ya vijidoa hivyo, alisema Papa Anselme, kuna bati lenye matundu yasiyohesabika, na kila mwali unapita kwenye tundu lake kufikia doa lake, na unarudia kioo chote mara nyingi kabla hujapepesa jicho. Hilo bati ndilo nililolilevya kwa sumaku. Kazi yote hiyo, safari zote hizo ndani ya utupu, ili shati la babu liwe njano, na mimi niliona pua ya kuvuta.

Nilibaki nimepiga magoti pale. Niliweka jicho tena kwenye tone, na tena. Koko alimuuliza Papa Anselme, "Anaumwa?"

Jumapili iliyofuata Koko alitoka kanisani, akafunga madirisha, akafuta kioo. Nikaelekea nje kama kawaida. Akasema, "Weye baki."

Kwaya ikatokea. Babu safu ya nyuma, shati la njano. Koko alisogeza kiti, na nilimwona anahesabu uso ule kama mtu anayehakikisha mbegu zake: paji, macho, pengo la jino la juu. "Pengo nilishaisahau," alinong'ona. "Iko mukono wa kushoto. Nilikuwa naiweka kuume."

Sikuwahi kuitazama kaseti ile mpaka mwisho. Mwanzo ulinitosha kwa michezo yangu. Wimbo ukaisha, dakika ya saba, kwaya ikainamisha vichwa kwa sala. Nikamwona babu Zakaria anafungua jicho moja. Anatazama kushoto, kulia. Mbele yake amesimama shemasi, yuleyule wa kaseti, mikono imefungwa nyuma, kofia imening'inia kwenye vidole. Babu ananyoosha mkono, anaivuta ile kofia polepole, anaificha chini ya shati la njano, anafunga jicho. Uso mtakatifu kabisa. "Amina," wanasema wote, na babu kwa sauti kuliko wote. Shemasi anapapasa hewa.

Koko alikuwa anacheka. Alicheka mabega yakitikisika, kitenge mdomoni. Mwanangu, miaka yote ile nilidhani anajifungia kulia. Kumbe alikuwa anajifungia kucheka.

"Unamuona?" aliniuliza, anafuta macho. "Njo weye huyo."

"Na kofia, Koko? Aliirudisha?"

"Pale pale mulangoni, mbele ya watu wote. Shemasi akamukimbiza mpaka shamba ya pastere, akamukamata, wakaanguka wote mu mihogo, wanacheka." Akazima televisheni. Akaniangalia. "Aliirudisha siku ile ile, Bahati. Kila mara. Njo maana watu walimupenda."

Basi hayo ndiyo niliyokukalishia hapo. Sikukatazi kucheka, ningekukataza, koo langu lingekauka kabla ya lako. Cheka, fanya mizaha, mwigize prefe, mimi nitakufundisha ile sauti ya puani. Lakini mzaha wako ukimgeuza mtu kijani, kimbia umwambie siku ileile, wakati bado ni dakika mbili. Usifungue kwa kisu ili kuficha. Kitu usichokijua, kitazame mpaka ukistaajabie kwanza, halafu ndipo unyooshe mkono. Na ukipewa kubeba kitu cha mtu, kibebe kifua kwa kifua, na kama ni kuanguka, uanguke wewe.

Redio ya shangazi yako nitaifungua kwa furaha. Mwambie aje nayo yeye mwenyewe, naye akae hapa atazame.

Na wewe nenda, Mwanangu. Mungu akuongezee miaka, maana urefu umeshapata. Akupe kicheko kisichomwachia mtu giza, na vidole vinavyojua kusubiri. Na siku utakapochukua kofia ya mtu, akufikishe mlangoni kabla ya jua kuzama, kofia ikiwa bado nzima, na mwenyewe akiwa bado yupo wa kukukimbiza.